Nguchiro na Sinia la Wageni Wasiokula Nyama

Paukwa!

Pakawa!

Naam, hiyo imesikika mpaka jikoni. Sogeeni basi. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mwenye kutafuna amalize kwanza, maana leo nasimulia habari za chakula, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana majumbani, alikuwako mama mmoja, Nguchiro. Alikaa na wanawe kwenye kichuguu huko nyikani. Akala nyoka, akala panya, akala nyoka tena. Maisha yakaenda.

Siku moja moto ukaja. Wuuu! Ukala nyasi. Wuuu! Ukala vichaka. Nguchiro akabeba wanawe mdomoni, mmoja mmoja, akakimbia, akarudi, akakimbia, akarudi, hadi wote wakafika kwenye bonde lenye majani mabichi. Nyuma yao kichuguu kikabaki jivu.

Bonde lile lilikuwa la wala majani. Mkubwa wao alikuwa Bi Pofu, mnyama wa jamii ya swala, mrefu, mzito, ngozi ya shingo inaning'inia, akitembea magoti yanalia ko! ko! ko! Hakwenda popote bila Pimbi, kile kinyama kifupi cha mawe, kisicho na mkia lakini chenye maneno.

Nguchiro akapiga magoti. "Shikamoo, Bi Pofu. Nyumba yangu imeungua. Naomba pa kukaa, mimi na wanangu."

"Marahaba," akasema Bi Pofu. "Pole sana kwa moto. Lakini sisi hatukai na mtu ambaye hatujala naye. Leo laleni kwenye kibanda kile kisicho na mtu, vyombo vimo. Kesho mchana nitakuja na Pimbi. Tukila kwako tukaelewana, utakaa. Tusipoelewana, utatafuta kwingine."

"Karibuni sana!" akasema Nguchiro.

Wakaondoka, ko! ko! ko! Walipofika mbali kidogo, Pimbi akageuka akapiga kelele: "Na usisahau! Sisi hatuli nyama!"

Nguchiro akabaki amesimama. Hawali nyama? Sasa watu wanakula nini kama hawali nyama? Tangu azaliwe hakuwahi kupika kitu ambacho hakikukimbia kwanza.

Akaenda kwa jirani yake mpya, Mbuzi.

"Dada Mbuzi, nina wageni hawali nyama. Niwape nini?"

Mbuzi akacheka, meee! "Usihangaike. Weka matunda kwenye sinia. Katikati weka jibini."

"Jibini ni mdudu gani?"

"Si mdudu! Ni maziwa yangu. Nimeyachemsha, nikayakamulia ndimu, yakakatika. Nikayachuja kwa kitambaa, nikayakandamiza kwa jiwe. Chukua hili. Rangi yake nyeupe, na linakatika kwa kisu."

Nguchiro akalinusa jibini. Akaliona kama sabuni. Lakini akashukuru, akalibeba.

Kesho yake asubuhi akaamka mapema. Akatafuta maembe. Akatafuta papai. Akatafuta nazi, ndizi na tende. Akakata, akapanga. Maembe huku, papai kule, jibini katikati, tende pembeni. Akarudi nyuma akatazama. Lo, sinia linapendeza! Akaimba:

*Naweka, napanga,*
*wageni wanakuja!*

Mara, pu! Kunguru akatua.

"Unafanya nini, mama?"

"Naandaa sinia. Wageni wangu hawali nyama."

Kunguru akainamisha kichwa huku. Akainamisha kichwa kule. "Hawali nyama, na umewawekea embe?"

"Embe lina nini?"

"Lina nyama! Hujawahi kusikia? Embe lina ganda, lina nyama, lina kokwa. Watu wote wanasema: nyama ya embe. Nyama ya papai. Nyama ya nazi."

Nguchiro akalitazama embe. "Ni kweli," akasema. "Nimewasikia wakisema hivyo. Nyama ya nazi. Kumbe!"

Kunguru hakuwa mwongo, jamani. Alikuwa hajui, na hakujua kwamba hajui. Akaruka zake.

Nguchiro akachukua kisu. Akakwangua nyama yote ya embe, akaiweka kwenye chungu. Akakwangua nyama ya papai, chunguni. Akabandua nyama ya nazi, chunguni. Ndizi nazo? Akaona heri aogope. Akazimenya, nazo chunguni. Tende, chunguni. Akafunika chungu, akakisukuma nyuma ya mlango. Kwenye sinia yakabaki maganda, kokwa na kifuu. Na jibini katikati.

Akaimba, lakini sauti imepungua:

*Naweka, naondoa,*
*wageni wanakuja!*

Mara, swaa, swaa, Kenge akapita akiburuta mkia.

"Hicho cheupe nini?"

"Jibini."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye maziwa."

"Maziwa yametoka wapi?"

"Kwenye kiwele cha Dada Mbuzi."

"Na kiwele cha Mbuzi ni nini?"

Nguchiro akafikiri. Akafikiri tena. "Ni... nyama?"

"Umesema mwenyewe," akasema Kenge, akaenda zake, swaa, swaa.

Nguchiro akashika kichwa. Maziwa yametoka kwenye nyama. Lakini maziwa ni maji. Lakini jibini si maji, linakatika kwa kisu, na nyama nayo inakatika kwa kisu. Lakini embe nalo linakatika kwa kisu! Lakini embe lina nyama! Akaliondoa jibini. Akalirudisha. Akaliondoa. Akalirudisha. Akazunguka nyumba. Wanawe wakamtazama. Mwisho akalifunika kwa jani la mgomba, akaliweka juu ya chungu.

Ko! Ko! Ko! Wageni wamefika.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," akasema Nguchiro.

Wakakaa. Wakanawa. Nguchiro akaleta sinia, akaliweka mbele yao.

Bi Pofu akatazama sinia. Pimbi akatazama sinia. Wakatazamana. Maganda ya embe. Mbegu za papai. Maganda ya ndizi. Kokwa. Kifuu kitupu.

Nzi akapita, zzz.

"Hiki ni chakula," akauliza Pimbi, "au waliokula wameshaondoka?"

"Ni chakula," akasema Nguchiro.

Bi Pofu akasimama taratibu. Uso wake umebadilika. "Mama, mgeni humwekei maganda. Kama hututaki, ungesema. Tumekuelewa. Twende, Pimbi."

Wakaanza kutoka. Ko! Ko! Wanawe Nguchiro wakaanza kulia, wiii, wiii, maana walijua maana yake ni kubebwa tena mdomoni.

Ndipo Nguchiro akapiga kelele: "Bi Pofu! Mimi sijui!"

Bi Pofu akasimama.

"Sijui nyama ni nini," akasema Nguchiro, machozi yanamtoka. "Jana nilikuwa najua. Leo sijui. Embe lina nyama, nazi ina nyama, maziwa yametoka kwenye nyama. Kila nikiweka, naambiwa nyama. Nikaondoa, nikaondoa, yakabaki haya. Nilitaka mle kwangu. Naomba uniambie wewe mwenyewe: mnakula nini?"

Bi Pofu akageuka. "Ulivyoviondoa viko wapi?"

Nguchiro akaleta chungu. Bi Pofu akaingiza pua. Akaitoa imejaa embe.

"Mama," akasema, "hii inaitwa nyama kwa jina tu. Nyama nisiyokula mimi ni ya mwenye kufa ili niile. Embe halikulia ulipolikata, au lililia?"

"Halikulia," akasema Nguchiro.

"Na jibini?" akaongeza haraka, akafunua jani. "Hili limetoka kwa Mbuzi."

Hapo hata Bi Pofu akasita. Akalinusa jibini. Akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama pembeni. Kumbe nao walikuwa hawajawahi kuliona!

"Huyo Mbuzi," akasema Bi Pofu polepole, "yu hai?"

"Meee! Mnaniulizia?" Mbuzi akachungulia mlangoni, anatafuna jani, mzima kabisa.

"Yu hai," akasema Bi Pofu. Akamega kipande. Akatafuna. Akafumba macho. Akamega kingine, akakiweka juu ya embe. Pimbi akaona amechelewa, akajitupa kwenye chungu, chubwi!

Basi wakapanga sinia upya, wote pamoja. Bi Pofu akisema embe hapa, Pimbi akisema tende hapa, Mbuzi akikata jibini, watoto wakibeba ndizi. Wakala. Wakashiba. Pimbi akashindwa kusimama.

Bi Pofu akapangusa mdomo. "Mama Nguchiro, utakaa bondeni. Na wiki ijayo wewe ndiye mgeni wangu. Sasa na mimi nikuulize, nisije nikakuwekea maganda. Wewe unakula nini?"

Nguchiro akainama. Aibu ikamshika. Afiche? Lakini alikuwa amechoka kutojua, hakutaka na mwenzake asijue. Akasema kwa sauti ndogo: "Nyoka."

Pimbi akaketi wima.

"Nyoka?" akasema Bi Pofu. "Hawa hawa wanaotuuma miguu tukienda kunywa maji?"

"Hao hao."

"Wanaoingia kwenye mapango yangu na kumeza wanangu?" akasema Pimbi.

"Hao."

Bi Pofu akamgeukia Pimbi. Pimbi akamgeukia Bi Pofu. Kisha Pimbi akasema: "Mama, kwa nini usije leo hii?"

Ndugu zangu, mgeni wako akija, muulize yeye anakula nini. Usiwaulize wasiomjua, wala usikisie. Na wewe ukiulizwa, sema kweli. Kuuliza hakumshushi mtu, na kujibu hakumshushi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki iko kwenye sinia, nawe nawa mikono ule.