Kwa Nini Kidole Gumba cha Mguu Huinamia Wenzake

Mnanicheka ninavyochechemea, wajukuu zangu. Chekeni, lakini mnipake mafuta ya mbarika huku mkisikiliza. Nawe Namkunda, mwenye viatu vilivyochongoka, sogea karibu.

Hapo kale watu wa milima hii walitembea peku, na kidole gumba cha mguu kilikaa mbali na wenzake kama gumba la mkono. Kilishika mwamba, kilishika tope. Hakuna aliyeteleza, wala aliyeyajua maumivu ya nyayo.

Kisha Kiangi, kijana mtanashati kupita kiasi, akashona viatu vya ngozi, vyembamba mbele, ili miguu yake ionekane midogo sokoni. Watu walimsifu, basi hakuvivua hata kitandani. Gumba likabanwa, likawaegemea wenzake, na nyama iliyo chini yake ikavimba na kuwaka moto.

Mama yake, Nakijwa, alimchemshia maji ya chumvi kila jioni.

“Vua, mwanangu,” alimsihi. “Loweka mguu, nikukande, kisha utembee peku. Kidole kitarudi mahali pake.”

“Mama nawe! Watu watanionaje?”

Maji yalipoa bila kuguswa.

Masika yalipofika, Nakijwa alishikwa na homa kali. Mganga alikaa ng’ambo ya bonde, kwa hiyo Kiangi akambeba mama yake mgongoni. Kwenye mteremko viatu viliteleza, akavitupa. Lakini gumba lake halikuweza tena kushika tope. Waliporomoka pamoja mpaka korongoni. Kiangi aliinuka. Mama yake hakuinuka.

Kiangi alikwenda peku kumzika. Jioni ile akachemsha mwenyewe maji ya chumvi, akatumbukiza miguu, akalia kwa uchungu. Maumivu yalipungua, ila kidole hakikunyooka. Wanawe walizaliwa nacho hivyo, na wana wao, hadi kunifikia mimi.

Na tangu siku hiyo, gumba la mguu huwainamia wenzake, na huuma mvua zikikaribia. Tangu siku hiyo pia, kwetu hakuna anayekwenda kuzika na viatu, na tukirudi tunakuta beseni la maji ya chumvi yenye uvuguvugu, naye aliyefiwa hutangulia kuloweka miguu.

Haya, Namkunda, vua hivyo viatu, umwite mama yako akukande. Angali hai.