Kibuyu cha Siwema

Nikiita, itikeni. Mpo? Mpo kweli, au masikio mmeyaacha jikoni? Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, mbu alikuwa bado anapiga hodi kabla ya kuuma.

Palikuwa na kijiji bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Huko neno la shamba halikusemwa jikoni wala kisimani. Lilisemwa uwanjani, jioni, watu wameketi mkekani, na mkubwa kuliko wote alisema mwisho. Ukiinuka peke yako kabla ya neno hilo, umelitupa shauri lako. Mkiinuka wote, shauri lingoje mwezi uandame tena.

Sasa, mjane mmoja, Siwema, alifiwa na mume. Matanga hayajaanuliwa vizuri, shemeji yake Ngwali akaingia na jembe katika shamba la marehemu, akasema ni lake. Siwema akalipeleka shauri mkekani.

Watu wakaketi. Ngwali akasema, akasema, akasema, maana alijua anachongoja. Jua likazama, mbu wakaja. Pa, pa, pa! Wote wakainuka, wakakimbilia ndani. Mwezi ukaandama, wakaketi tena. Ngwali akasema, akasema, akasema. Mbu wakaja. Pa, pa, pa! Wakainuka. Na Ngwali akaendelea kuvuna. Unacheka nini, Sefu? Watoto wa Siwema walikuwa wakilala njaa.

Siwema akawaza. Akachuma kivumbasi kibichi, jani linalofukuza mbu, akakitia motoni pembeni ya mkeka. Lo, moshi! Wazee wakakohoa mpaka machozi. Wakainuka hata kabla ya mbu.

"Shemeji," Ngwali akamwambia, "umewasaidia mbu kazi."

Siwema aliumia sana kwa neno lile. Haraka haraka haina baraka. Akarudi nyumbani, akakitwanga kivumbasi pamoja na mchaichai, akavitia kwenye mafuta ya nazi, akavipasha juu ya makaa, moto mdogo, wala visichemke. Akaacha vilale. Asubuhi akachuja kwa kitambaa, akajaza kibuyu.

Mwezi ukaandama. Watu wakaketi, na Siwema akapitisha kibuyu. "Pakeni miguu, pakeni mikono, na nyuma ya masikio." Wakapaka. Kikamfikia Ngwali.

"Mimi ni mwanamume," akasema. "Sijipaki mboga."

Ngwali akasema, akasema, akasema. Jua likazama, mbu wakaja. Wakamnusa huyu, wakapita. Wakamnusa yule, wakapita. Wakamfikia Ngwali, wakakaribishana kama wageni wa harusi. Pa! Pa! Akajipiga shavu, akajipiga shingo, akageuka huku na huku. Hakuna aliyeinuka. Goti lake moja likaacha mkeka.

Hapo, wajukuu zangu, Siwema angenyamaza tu. Goti la pili lingenyanyuka, na shamba lingekuwa la Siwema. Mimi ningenyamaza, nawaambia kweli. Lakini Siwema alikisukuma kibuyu mpaka mbele ya Ngwali.

"Paka, shemeji. Sitaki nipewe shamba na mbu. Nataka tusikie neno la mama, mimi na wewe, tumekaa."

Ngwali akamtazama. Akapaka. Akaketi.

Ndipo Bi Nambeto, mama yake Ngwali na mama mkwe wa Siwema, mkubwa kuliko wote pale, akakohoa kidogo.

"Neno hili nimekaa nalo tangu shauri lianze," akasema. "Kila nikifungua kinywa, mmeshakimbia. Ngwali mwanangu, baba yenu aliligawa bonde. La chini akampa kaka yako na watoto wake. Wewe akakupa la juu, ukashukuru, na tukala ubwabwa siku ile. Ulikula kwa mkono huohuo unaojikunia sasa. Hukula?"

Ngwali akaacha kujikuna.

"Nilikula, mama," Ngwali akasema. "Shamba ni lao."

Kesho yake alikwenda bondeni na jembe lake, safari hii kumlimia Siwema. Na mbu, kwa aibu ya kufukuzwa na kibuyu siku ile, akaacha kupiga hodi, akawa anaingia kwa wizi mpaka leo.

Basi jueni: haki haiogopi neno la mwisho. Anayeiogopa ndiye hupenda watu wainuke mapema.

Kisa changu nimekichuja, makapi nimetupa, mafuta yamebaki kibuyuni. Sefu, jipake, kisha mpitishie mwenzako.