Matundu ya Bi Sikudhani

Isome polepole, kisha mpelekee yeyote aliyewahi kuionea aibu nyumba ya kwao. Ukiisikia kwa mwingine utapata nusu. Hapa ipo nzima.

Palikuwa na mfinyanzi mmoja, Bi Sikudhani, mama wa Mhina, Mwanjaa na mdogo wao, bibi wa wajukuu wasioenea kwenye mkeka mmoja. Alifinyanga chungu chenye midomo miwili ili wake wenza wachote mchuzi bila kusukumana. Alifinyanga mtungi uliopoza maji hata meno yakauma, jua likiwa utosini. Na chungu chake cha maharage kilitaka kuonyeshwa moto tu, mengine kikamalizia chenyewe. Anayebisha hakuyala maharage yale.

Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja na uamuzi wao: arithiwe na mmoja wao. Bi Sikudhani aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kwenye udongo.

"Shamba hurithiwa kwa sababu haliwezi kuondoka, shemeji zangu," akasema. "Mimi miguu ninayo."

Akaitumia. Akahamia upande wa pili wa kijiji, akakata miti mwenyewe, akafunga fito mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe. Nyumba ikasimama. Na hapo ndipo aibu ya Mhina ilipoanzia.

Ukuta wa nyuma, ule unaotazama uani, ulikuwa na matundu. Si madirisha, matundu. Moja karibu na sakafu, jingine usawa wa kiuno, jingine kifuani, yamekaa ovyo kama meno ya mtoto. Kila baada ya miaka miwili mitatu mama aliibuka na panga, akatoboa jingine. Watoto wa kijiji wakampa Mhina jina: Mwana wa Chujio. Alipopelekwa kwa mjomba wake kusoma, bado mdogo, hakulia hata kidogo. Alishukuru.

Bi Sikudhani aliishi sana, akafinyanga sana, akafariki akiwa na udongo kwenye kucha. Wakamzika, arobaini ikasomwa. Mhina, sasa mtu mzima mwenye mvi na kitambi cha heshima, akarudi kusimamia nyumba. Mara habari ikaja: Alhamisi wakwe wanatoka mjini kuja kumposa binti yake Chausiku, aliyelelewa na bibi pale pale.

Mhina hakulala vizuri. Wakwe wenyewe watu wa nyumba za matofali! Wakiuona ukuta ule, si watarudisha posa mlangoni?

Akamwita Fundi Kibwana aje kuyaziba. Fundi aliahidi Jumatatu, kwa hiyo alifika Alhamisi asubuhi.

"Ziba yote," Mhina akamwambia. "Wakwe wasije wakadhani tunafuga popo."

Fundi akapitisha mkono ukutani, akacheka. "Mzee Mhina, aliyekata haya alikunywa nini? Kutolingana ni jambo dogo. Kila moja limekatwa mshazari! Hili limeelekea kushoto, lile kulia."

"Mama hakujua kupima," Mhina akasema kwa sauti ya chini.

"Chungu akipime kwa jicho kitoke mviringo kama mwezi, halafu ashindwe na ukuta?" Huyo alikuwa Mwanjaa, dada yake mkubwa, amesimama mlangoni na ufagio. "Haya, zibeni. Ila wewe kaka, anza na la kwako."

"La kwangu lipi?"

"Lile la chini kabisa. Ndilo la kwanza. Ulikuwa mfupi wewe, hata kuku ulikuwa unawaamkia."

Fundi akaangua kicheko. Mhina hakucheka. Akapiga magoti, nayo magoti yakalia, akasogeza jicho kwenye tundu.

Hakuona ua wote. Hakuona jiko wala mgomba. Aliona kitu kimoja tu, katikati kabisa, kama kimewekwa kwenye fremu: kigoda cha mama yake.

Akahamia tundu la Mwanjaa, dada yake akimwonyesha lipi la nani. Kigoda. Akahamia lile lililoelekea kushoto, la mdogo wao. Kigoda. La kulia, la mjukuu. Kigoda.

Akarudi kwenye la kwake. Ukingo wa chini ulikuwa umelika, laini, na Mhina akaweka kidevu pale. Kilikuwa kikubwa mno sasa, lakini kidevu kilipajua mahali pake.

Lazima ujue kwamba kwao mfinyanzi akishaanza kuinua chungu hasogelewi. Mtoto hapiti, mwanamume ndiyo kabisa. Ati chungu kitapasuka motoni. Wafinyanzi wengine waliwaachia shangazi na mashemeji watoto wao. Bi Sikudhani mashemeji alikuwa ameshawafukuza.

"Ulikuwa unalia," Mwanjaa akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Yeye haruhusiwi kuinuka, wewe huruhusiwi kutoka. Akaona mila isivunjwe, ukuta ndio utobolewe. Anakusimamisha hapo, anakwenda kukaa kwenye kigoda, anaangalia macho yako yalipo, anarudi kukata. Kila mtoto na la kwake. Kila mjukuu na la kwake."

Kando yao alisimama Tatu, mjukuu wa Mwanjaa, ndiyo kwanza anajua kutembea. Alikuwa akikwangua ukuta kwa kucha.

"Na huyu?" Mhina akauliza.

"Huyu hana. Alizaliwa mkono wa mama ukiwa haushiki tena panga."

Mhina akavua kanzu yake ya wakwe. "Fundi, nipe panga."

Wakwe walipopiga hodi walimkuta baba wa binti amepiga magoti kwa fulana, vumbi hadi kwenye ndevu, anatoboa nyumba yake mwenyewe.

"Bwana Mhina," akasema Mzee Makame, baba wa mposaji, "tumekuja siku mbaya?"

"Nzuri sana. Karibuni."

"Binti yuko wapi tumwone?"

Mhina akachungulia. Siku kama ile binti hukaa chumbani na kanga mpya, akiona haya. Chausiku alikuwa kwenye kigoda cha bibi yake, udongo hadi viwikoni.

"Yuko uani. Ameshaanza kuinua chungu."

"Basi aitwe."

"Haitwi."

"Basi twende sisi."

"Hapaendeki."

Mshenga akatazama viatu vyake. Jana Mhina angeomba radhi mpaka akauke mate. Leo alinyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Mama yangu alishawawekea nafasi. Kila mtu atafute la kimo chake."

Wakatazamana. Kisha shangazi wa mposaji, mwanamke mfupi asiyependa kupitwa, akainama kwenye tundu la Mhina. "Jamani!" akasema, asiinuke tena. Mzee Makame akapata la kifuani, akakunja mgongo. Mshenga naye akavua kofia. Wageni wote wakabandikwa ukutani, wakaona chungu kikipanda taratibu mikononi mwa Chausiku kama kinachoota. Chai ikapoa. Hakuna aliyeikumbuka.

Mwishowe Mzee Makame akapaza sauti bila kuondoa jicho. "Mwanangu! Nyumba ya mumeo ni ya matofali. Huko itakuwaje?"

"Tindo ya matofali ninayo, baba," Chausiku akajibu, macho yake yakiwa kwenye chungu.

Posa ikapokelewa pale pale ukutani. Udongo wa Fundi Kibwana ukakaukia kwenye karai. Na chini kabisa, kwenye tundu jipya lisilonyooka vizuri, Tatu alikuwa ameshaweka kidevu.

Funzo: Usizibe alichokiacha mama yako kabla hujapiga magoti ukatazama kutoka pale alipokusimamisha.