Chui Msomi na Unyayo Uliokosa Mwenyewe

Hapo zamani za kale, kabla twiga hajaamua shingo yake iishie wapi, ukame ulizichapa nchi zote mpaka wanyama wa kila pembe wakajikuta kwenye bwawa moja. Tembo alitoka misituni, Ngamia akatoka jangwani, Mbuni akatoka nyika za kusini. Kobe naye alitoka huko alikotoka. Hakuna aliyekuwa na subira ya kumngoja amalize kueleza.

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ngamia alisema Tembo ni mshamba. Tembo alisema Ngamia ni mbuzi aliyevimba. Aliyeyafurahia hayo yote ni Chui.

Chui alikuwa msomi. Nani alisema? Mwenyewe. Alidai amekaa ng'ambo ya mto miaka saba akijifunza kusoma nyayo, elimu ambayo, kwa maneno yake, haiingii katika vichwa vya wanyama wa kwetu. Basi mtoto wa mtu akipotea, Chui aliinama juu ya tope, kijiti cha kisomo nyuma ya sikio, akakunja uso, akaguna mhm, mhm, kisha akamtaja mkosaji. Mara mtoto wa swala kaliwa na Mbuni. Mara mtoto wa ngiri kanyakuliwa na Kobe, aliyetoroka naye kwa kasi ya kutisha.

Na wanyama waliitikia. Msicheke. Hata nyinyi, akija mtu wa ng'ambo na kijiti nyuma ya sikio, mtaitikia tu.

Siku moja ndama wa Mama Nyati akapotea. Chui akaguna, akasema aliyemla ni Pimbi.

Kama hamumjui Pimbi, ni yule mnyama wa mawe, hana mkia, na ukubwa wake ni kama chungu cha maharage. Eti huyo ndiye aliyemaliza ndama mzima na kwato zake. Hukumu ikatoka: siku ya tatu ahame bwawa, yeye na mama yake. Mama yake Pimbi alikuwa na miguu iliyovimba, na maji mengine yalikuwa mwendo wa siku tano. Kumhamisha ilikuwa sawa na kumzika.

Sasa, Pimbi aliwahi kuingia shule ya Chui. Mwaka wa kwanza walifundishwa kukaa. Mwaka wa pili, kukaa bila kujikuna. Pimbi alitoroka siku ya nne kwa sababu ya kiroboto, na tangu hapo kila mtu alimcheka kwamba hana kisomo. Lakini yeye alikuwa akipanda jiwe lake, anaona nani anapita, halafu anashuka kutazama ameacha nini. Mbuni, vidole viwili. Ngamia, kama maandazi mawili yaliyogandana. Hakuna cha ng'ambo hapo. Ni macho tu.

Akaenda pale ndama alipopotelea. Tope lilikuwa limekauka na kushika alama za vikwato vidogo vidogo, na kando yake unyayo mmoja wa mviringo, vidole vinne, bila alama ya kucha. Aliujua palepale. Ila angesema, nani angemwamini mtoro dhidi ya msomi? Akaufunika pamoja na vile vikwato kwa gamba la mti, akanyamaza.

Kila mchana Chui alilala fofofo, tumbo juu. Mchana huo Pimbi akawakusanya wenzake nyuma ya mawe. Bi Tembo hakutaka hata kukaribia. Alisema kusoma si mambo ya watu kama wao.

"Kanyaga tope tu, Bi Tembo," Pimbi akamwambia.

"Halafu?"

"Halafu tazama chini."

Pwata! Bi Tembo akatazama chini. Miaka yote alikuwa akiangalia kidole cha Chui kinachoonyesha tope, na tope lenyewe hakuwahi kuliangalia.

"Huyu ni mimi," akasema polepole.

Pimbi akaweka mguu wake kando. Mdogo, lakini kucha zilikuwa butu, za duara, zilezile. Bi Tembo akautazama ule, akautazama wake, akapatwa na uso wa mtu anayetokewa na binamu siku ya pilau.

"Usiniambie," akasema.

"Ndiyo hivyo, shangazi. Ukoo mmoja."

Kufikia kesho yake jioni Mbuni alikuwa anamsoma Ngamia, na Ngamia, ambaye sasa aligundua kwato za Nyati zimepasuka katikati kama mguu wake, alikuwa amesahau kabisa nani mshamba. Hata Kobe alisoma, ingawa alitaka kila neno lirudiwe. Ndipo Pimbi akawanong'oneza la kufanya.

Siku ya tatu asubuhi, Bi Tembo alimwaga maji kuzunguka lile gamba, fyuuu, na kila mtu akakanyaga, unyayo kwa unyayo, hadi ukatokea mguu mmoja mkubwa kama uwanja wa ngoma. Pimbi akaliondoa gamba katikati.

Chui akaja, akauliza kama Pimbi amefungasha. Pimbi akajibu amefungasha, ila angependa Mheshimiwa awasomee hili kwanza.

Chui akaona. Manyoya yakamsimama. Mhm, mhm.

"Hili ni Dubwana la Ng'ambo," akasema. "Nalijua, tulisoma darasa moja. Nileteeni watoto wawili kila siku nikalitulize."

"Kila siku?" Mama Nyati akauliza.

"Sikukuu watatu."

Mama Nyati akasogea, akaweka mguu katika alama yake. "Huu wangu." Ngamia akaweka wake. Mbuni akaweka wake. Bi Tembo akaweka, dubwana likapungua nusu. Kobe wakamngoja. Mwishowe pakabaki vile vikwato vidogo.

"Hivi ni vya mwanangu," Mama Nyati akasema.

Pimbi akaonyesha ule wa kando. "Huu umekosa mwenyewe. Mheshimiwa, wa nani?"

Chui akainama. Katika maisha yake yote hakuwahi kutazama mguu wake unaacha nini.

"Huu ni wa muuaji," akatangaza. "Mlafi, mwongo, mwenye mguu mbaya kuliko yote."

"Una hakika?"

"Aliyesoma ni nani, mimi au wewe?"

"Ni wewe. Basi weka wako hapo, tulinganishe ubaya."

Chui akaweka kwa madaha. Ukaingia kama kifuniko kwenye sufuria yake. Akautoa, akajaribu wa pili. Nao ukaingia.

Mama Nyati akainamisha pembe. Hapo hapo Chui akakumbuka kwamba hajamaliza masomo ng'ambo, akajitupa bwawani, chubwi, akaogelea kuelekea huko, kijiti kikibaki kinaelea.

Pimbi akamletea mama yake maji. Mama akanywa, akafuta mdomo, akauliza sasa nani atawasomea nyayo.

"Kanyaga, mama," Pimbi akasema. "Halafu tazama chini."

Asiyesoma nyayo zake husomewa na anayemla.