Ukuta wa Pimbi Unaosema Chururu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na bafu!
Bafu la nani?
— La asiye na mkia!

Itikieni kama watu walioshiba! Nyie wa nyuma mnaitika kama kuku aliyenyeshewa. Ngano hii wengi wameigusa ikawateleza. Mimi hainitelezi. Tegeni masikio.

Hapo kale Kiboko na Pimbi walikuwa majirani, kati yao ua wa makuti. Kiboko alikuwa na kila kitu: mwili, sauti, mke, shamba la nyasi mpaka mtoni. Pimbi hakuwa na kitu, hata mkia alikosa. Lakini anayechungulia uani kwa mwenzake alikuwa nani? Kiboko! Pimbi akipika mchicha, Kiboko anatamani mchicha. Pimbi akikohoa, Kiboko anajiuliza, “Kikohozi kile kakipata wapi? Mbona mimi sina?”

Siku moja Pimbi akamwita Fundi Nungunungu amkarabatie bafu, abandike marumaru, afunge na bomba la mvua. Kiboko kuona mwiko wa fundi umeingia kwa Pimbi, roho ikamuuma, ng'wi! Akamwita fundi yule yule.

“Fundi, la kwake likiwa dogo, langu liwe kubwa. La kwake liking'aa, langu liwake!”

Fundi akafanya.

Sasa, katika nchi ile dhamana haikuandikwa, ilitamkwa. Kazi ikiisha, mwenye nyumba anaalika majirani. Fundi anasimama bafuni, anagonga ukuta, ko! ko! na kusema: “Kazi ya mkono wangu ikivuja, narudi na mwiko wangu, siombi hata chai. Bomba likifa lenyewe, mdai aliyekuuzia. Ukivunja kwa mabavu yako, pole yako. Dhamana naiacha ukutani, haimfuati mtu.” Majirani wanaitikia, “Tumesikia!” Pasipo “tumesikia,” hapana dhamana.

Pimbi akapika uji wa tangawizi, akaalika majirani. Kiboko akapata habari. “Waende wote kwa Pimbi? Kwangu waje nani?” Asubuhi ile ile akainjika sufuria la pilau. Harufu ikaruka ua. Kwa Pimbi hakutua hata nzi! Fundi naye alichungulia, akaona uji unapoa peke yake, akaifuata harufu. Dhamana ya Kiboko ikatamkwa, majirani wakaitikia midomo imejaa nyama, “Tumethikia!” Ya Pimbi haikutamkwa.

Haikupita muda, ukuta wa Pimbi ukaanza. To! To! To! Kisha, chururuuu! Kiungo cha bomba kilikuwa hakikukazwa. Pimbi mbio kwa fundi.

“Fundi, ukuta unavuja!”

“Pole. Dhamana yako aliisikia nani?”

“Hakuna. Walikuwa kwenye pilau.”

“Basi, bwana mdogo, nami sikuisema.”

Pimbi akarudi kichwa chini. Ukuta ukilowa utalala, na ukilala, bafu nalo limekwisha. Akaketi juu ya jiwe, akawaza. Jicho likaangukia ua wa makuti, na katikati ya makuti akaliona jicho lingine, kubwa, linachungulia. Pimbi akacheka kimoyomoyo.

Asubuhi akaingia bafuni akaimba:

“Chururu, chururu, sishiki bomba mie!
Chururu, chururu, maji yaja yenyewe!”

Masikio ya Kiboko yakasimama. Akafungua bomba lake: shwaa. Akafunga. Shwaa gani hii? Mbona halisemi chururu?

“We Pimbi! Umefunga nini huko?”

“Sijafunga kitu, bwana mkubwa. Ukuta tu unatoa maji.”

“Wenyewe?”

“Wenyewe. Kwani wako mpaka uushike mkono? Loo! Pole, jirani.”

Ile “pole” ikamchoma Kiboko kuliko mwiba. Siku hiyo hakula. Mkewe akamwuliza, “Baba, unaumwa?” Akajibu, “Pimbi ana chururu.” Mkewe akasema, “Chururu si ukuta umeoza, jamani?” Kiboko akafoka, “Na wewe unamtetea!”

Akaenda uani. “Pimbi, tubadilishane mabafu.”

“Hapana, bwana mkubwa. Langu dogo, hutaenea.”

“Nitaenea!”

“Lina unyevunyevu.”

“Naupenda!”

“Halina dhamana, mwenyewe wajua.”

“Chukua langu na dhamana yake! Nani anataka dhamana ya kitu kinachojiendesha?”

Pimbi akajikuna, akaguna, akajitia machozi. “Basi, kwa kuwa ni wewe. Lakini tuyaseme mbele za watu.”

Majirani wakaitwa, fundi akaitwa. Pimbi akauliza, “Fundi, dhamana ya bafu lile kubwa inakaa wapi?”

“Ukutani. Mwenye ukuta ndiye mwenye dhamana.”

“Mmesikia?”

“Tumesikia!” Safari hii midomo mitupu.

Kiboko hakungoja. Akaingia bafu lake jipya. Kichwa kikapita, mabega yakagoma. Akasukuma, gu! Akasukuma, gu! gu! Ukuta uliolowa ukasema ah! ukalala, puuu! Kiboko akabaki amevaa fremu ya mlango shingoni.

“Fundi! Dhamana!”

“Ya ukuta huu ilisikiwa na nani?”

Majirani kwa sauti moja: “Hatukusikia!”

“Na hata ingesikiwa,” fundi akasema, “hayo mabega nayaita mabavu.”

Mkewe akampa kata na ndoo, akamwonyesha uwanja.

Siku moja Kiboko anajimwagia maji uwanjani, kila mpita njia anamsalimu, akamwona Fundi Nungunungu anaingia kwenye bafu jipya la Pimbi na mwiko wake. Kumbe lile bafu kubwa nalo limeanza kuvuja! Pimbi aligonga ukuta tu, ko! ko! fundi akaja, hakuomba hata chai. Kiboko akaishusha ndoo. Roho, ng'wi!

“Mke wangu, ona! Pimbi anavujiwa! Mbona sisi hatuvujiwi?”

“Tuvujiwe nini, baba? Ukuta uko wapi?”

Ngano yangu imeganda kama saruji. Anayeweza kuibomoa alete nyundo yake, mimi nipo.

Na funzo lake ni hili: ukiita fundi wa bafu, usijichoshe kuuliza dhamana inashika nini, inaacha nini, inakaa kwa nani. Wewe tafuta tu jirani mwenye wivu na bafu kubwa kuliko lako. Ukizunguka mtaa mzima ukamkosa, basi jirani huyo ni wewe.