Mlima Usio na Jina

Sogeeni karibu, na mwenye simu aifunike kwanza. Hadithi hii ina simu tatu, zinatosha!

Palikuwa na watu watatu pale Muheza, wapenzi wa gemu moja ya mtandaoni ambamo watu wa dunia nzima hukutana kuwinda majoka.

Wa kwanza ni Shekue, fundi friji, na kipaji chake ni uvumilivu. Alianza gemu na kijiti mkononi, akapigwa hata na sungura (chekeni tu, mngepigwa nyinyi!), akapanda daraja baada ya daraja. Miaka mitatu ya jasho ikampa Ngao Nyeusi, ngao ambayo haipatikani kwa njia ya mkato.

Wa pili ni Mwanakombo, mshonaji. Mkono wake wa kulia umepooza, lakini masikio yake, jamani! Zamani gemu ile ilidai vidole vyote, naye akabaki kutazama wenzake wakicheza. Wenye gemu walipoongeza njia ya kucheza kwa kidole kimoja, aliingia siku hiyohiyo, akawa mganga wa kikosi chao, mwenye kuwafufua walioanguka.

Wa tatu ni Zamda, binti mwenye shabaha, ambaye alianza juzi tu. Wenye gemu waliona wageni wanakata tamaa na kukimbia, wakaamua kila mgeni apewe shujaa aliyekwisha komaa, aingie vitani na marafiki zake papo hapo. Shekue alinuna siku nzima. "Mimi nalima miaka mitatu, mwenzangu anakaribishwa mezani!"

Basi Jumamosi moja mchana, barazani kwa Mwanakombo, wakaupanda mlima ambao hakuna kikosi kilichowahi kuushinda. Mlima wenyewe haukuwa hata na jina.

Joka likatokea, likatema moto. "Nyuma yangu!" akapiga kelele Shekue. Ngao Nyeusi ikawa nyekundu kama kaa la moto, lakini ikastahimili. Ingekuwa ngao nyingine, wote watatu wangekuwa majivu.

Joka likajificha ndani ya moshi, hawaoni kitu. Mwanakombo akafumba macho, akasikiliza. "Linavuta pumzi kushoto, rukeni!" Wakaruka, mkia ukapita chini yao, lakini ncha yake ikamkwangua Shekue, akaanguka. Mwanakombo akabonyeza kwa kidole chake kilekile, Shekue akainuka. Bila yeye, vita vingeishia hapo.

Joka likapaa, linatoroka! Kooni palikuwa na gamba moja lililolegea, dogo kama kishikizo cha shati, na Zamda amebaki na mshale mmoja.

"Piga, mdogo wangu, piga!" akahimiza Shekue.

Akaachia. Joka likaporomoka. Walipiga yowe mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua!

Kwenye kioo likatokea Taji. Ni moja, halikatiki, na atakayelivaa ndiye atakayeupa mlima jina lake, lisomwe na kila mchezaji maadamu gemu ipo. Chini ya Taji ukawaka mshumaa mdogo. Ukizimika kabla hawajaamua, joka litafufuka na ushindi utafutika.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema Shekue. "Kama jasho langu ni sawa na siku mbili za mtu, nilikuwa natafuta nini humu?"

"Kaka, na mgeni njoo mwenyeji apone," akajibu Zamda. "Ningeanzia kwenye kijiti, leo ungekuwa na nani wa kupiga mshale?"

Mwanakombo akacheka. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kimekufufua, kaka. Mlango huu ulifungwa kwangu miaka, nami nataka jina langu liandikwe juu yake."

Sasa sikilizeni vizuri. Kikosi chao kiliitwa Sinia, na sheria yake aliitunga Shekue mwenyewe. Kama ilivyo kwenye sinia la pilau shughulini, nyama hukaa katikati, mkubwa huigawa, na mgawaji hujipakulia mwisho. Kwa sheria hiyo walimwamini, na kitufe cha kugawa kilikuwa kwenye simu yake peke yake. Lakini siku zote nyama zilikuwa nyingi. Leo ni moja!

"Ukijipa mwenyewe, Sinia limevunjika," akasema Mwanakombo.

"Na ukinipa kwa kunihurumia," akasema Zamda, "silitaki."

Shekue alilitaka Taji lile kuliko kitu chochote, na machozi yalimlengalenga bila aibu. Mshumaa umebaki ncha, kidole kiko juu ya kioo, majina matatu yanamtazama.

Haya, msinitazame mimi! Tuseme kidole hicho ni chako, na moto unazimika. Je, ungebonyeza mlima uitwe nani, na wale wawili ungewaambia nini?