Bi Sihami na Kanga Iliyogeuzwa

Wenye masikio!
— Tunayo!
Nitie chumvi, nisitie?
— Tia, ila usizidishe!

Hapo kale, tumboni mwa Mama Panya, kulikuwa na mtoto ambaye hajazaliwa. Mkono wake ulikuwa kama mwiko, vidole vimefunikwa ngozi. Kati ya vidole waliishi watu wadogo mno, waitwao seli. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, jiko lake na mpishi wake, na mkasi wake uliolala alani.

Mila yao ilikuwa hii. Ukipigiwa hodi ya kuondoka, unamfungulia mpishi wako mlango wa jikoni. Mpishi akitoka tu uani, mkasi unaamka, unakata nyumba na mwenye nyumba vipande vipande, bila kumwaga hata tone kwa jirani. Nawe unakuwa umeanika kanga yako mlangoni, upande wa ndani ukiwa nje. Bi Fagio, msafishaji wa mtaa, akiiona, anakuja na sahani, anakula vile vipande.

Siku hiyo mjumbe wa vidole akaanzia hodi kwa Bi Sihami. Mtaa mzima ukamtazama yeye atafanyaje.

"Hodi, Bi Sihami! Vidole vinataka nafasi."

"Waambie nasuka nywele."

"Hodi, Bi Sihami! Vidole vinataka nafasi."

"Waambie nimeinjika maharage."

"Hodi, Bi Sihami! Vidole vinataka nafasi."

"Waambie nimehama!"

"Umehama, nani anaongea?"

Bi Sihami akamweka mlinzi, Bwana Zuio, kwenye mlango wa jikoni ili mpishi asipite. Akamlisha uji asubuhi, wali mchana, maandazi jioni. Zuio akanenepa, akajaa mlango wote. Na majirani nao wakagoma.

Ndipo Kidole cha Shahada akaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sitoki."

"Mtoto akizaliwa na mwiko huu, atashikaje karanga? Atapandaje ukuta?"

"Atajua mwenyewe."

"Na paka akija?"

Bi Sihami akaacha kukoroga maharage.

"Paka akila panya anakula mzima, bibi. Mimi, ndugu zangu, wewe na maharage yako."

"Kumbe naliwa kwa vyovyote!" Akalia, akalia kweli, maana aliipenda nyumba yake.

"Ndiyo, bibi. Lakini Bi Fagio akikula, vyako anawagawia wanaobaki. Paka hagawi."

Bi Sihami akafuta machozi. "Haya. Maharage hayajatiwa chumvi, msisahau. Zuio, toka mlangoni!"

"Nimenasa, bibi!"

Wakamvuta mara ya kwanza, wapi! Mara ya pili, wapi! Mara ya tatu, po! Bi Sihami akainyoosha kanga yake kwa viganja, akaigeuza, akaianika. "Bi Fagio, uje na sahani safi!" Mpishi akatoka mbio, mkasi ukaamka. Mtaa mzima ukafuata.

Mtoto akazaliwa, vidole vimeachana. Karanga ya kwanza akaishika mwenyewe. Paka akaja, akaambulia kuona mkia ukipotelea juu ya ukuta.

Funzo langu ni dogo: zamu yako ikifika, wapishe wenzio. Ila msimcheke sana Bi Sihami. Tanueni vidole vyenu, mtazame. Hapo penye uwazi alikaa mtu, akaondoka ili nyinyi mshike vijiko.

Mimi nilikuwepo. Nilipewa maharage, na chumvi walisahau.

Ngano naiweka chini. Anayeitaka aiokote, kwa vidole vyake.